Samaki Mbele ya Mtani

Nilikwenda Suva, mji mkuu wetu, kukataa. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanipamba kwa uungwana nisio nao. Shemeji yangu Maciu, aliyeishi Sydney miaka thelathini na tisa, alitaka kurudi kijijini kwetu Vatuseli amalizie uzee wake. Wazee wa ukoo wake, watu wa bahari, walimjibu kwamba kiwanja kipo na nyumba itajengwa, lakini neno la mwisho analo Apakuki. Apakuki ndiye mimi. Nikisema aje, anakuja. Nikisema asije, atabaki huko huko alikozoea.

Kosa lake si la kusimuliwa kwa mafumbo. Miaka sita iliyopita dada yake, Vasemaca, alifariki. Vasemaca alikuwa mke wangu. Nilimweka siku nne nikimngoja kaka yake, muuguzi akinikaripia, joto la Februari likinikaripia zaidi, hadi meli ya Alhamisi ilipofika. Wakashuka watu kumi na mmoja na jenereta moja. Maciu hayumo. Kilichokuja kwa jina lake ni shada la maua ya plastiki. Nililitupa kwenye zizi la nguruwe, na hata nguruwe walilinusa tu wakaliacha.

Sasa, mwaka huu, ikaja barua. "Njoo tuonane Suva, Hoteli ya Bandari Kuu. Nimekuchukulia chumba jirani na changu. Tutakula pamoja, kisha utasema neno lako."

Hoteli ya Bandari Kuu! Nilijua kwa nini kachagua pale. Tulipokuwa vijana, mimi na yeye tukibeba magunia gatini, tulikuwa tukipita mbele ya zile nguzo nyeupe na kutazama wageni wakinywa chai barazani. Enzi hizo mtu wa rangi yetu aliingia kwa mlango wa nyuma, na awe kabeba magimbi. Maciu akasema siku moja tutakaa pale, tutahudumiwa, na wewe Apakuki utafundishwa kushika uma. Nikamwambia kwanza afundishwe yeye kuoga.

Basi safari nzima, saa tisa za mawimbi, nilifanya mazoezi ya kukataa. Nilijua atakachofanya. Atapiga magoti, atanyoosha jino la nyangumi kwa mikono miwili, atasema maneno ya kuomba radhi kama ada inavyotaka. Na mimi nitalitazama lile jino, nitavuta pumzi, nitasema, "Lirudishe ulikolitoa." Nililisema mara nyingi, hata mama mmoja aliyeketi jirani yangu akauliza kama naumwa jino.

Maciu alikuwa akinisubiri barazani Jumamosi jioni. Lo, amezeeka! Shingo imekuwa nyembamba, koti linamning'inia, na meno mapya, meupe, mengi kuliko mdomo. Aliponiona akasimama na kupaza sauti yote:

"Weee, mla mizizi! Bado hujafa?"

Nilipaswa kujibu, "Nife ili urithi nini, mnuka magamba?" Hayo ndiyo majibu yetu tangu tukiwa watoto. Watu wa nchi kavu na watu wa bahari kwetu ni watani, na shemeji ni mtani mara mbili. Kwetu mtani hasalimiwi kwa adabu. Ukimpa mtani wako heshima, umemfungia mlango.

Nikasema, "Bwana Maciu, pole na safari. Habari za huko?"

Uso wake ukaporomoka pale pale. Akanijibu habari ni nzuri, akamwita mtu achukue mkoba wangu, akasema amechoka, tutakutana Jumapili mchana mezani. Nikaona nimeanza vizuri.

Chumba chenyewe, nisiseme uongo, kilikuwa kizuri. Dari liko juu sana, pangaboi linazunguka polepole kama halina haraka na mtu, na dirisha limefunguka juu ya bandari. Kitandani nilikuta mito saba. Nikasimama nikaihesabu, nikajiuliza ni nani na nani wengine wanakuja kulala. Ukutani kulikuwa na picha ya zamani: magavana na wake zao wameketi barazani, na nyuma yao wamesimama vijana wetu wenye sare nyeupe, wameshika sinia. Chini wameandika majina ya walioketi. Niliwatazama waliosimama mmoja mmoja, nikawasalimia. Kisha nikalala usingizi mzito, jambo lililoniudhi, maana nilitaka nikeshe na hasira yangu.

Jumapili baada ya kanisa tukaketi katika ukumbi wa chakula. Vitambaa vyeupe vilivyopigwa pasi hadi vimekakamaa, mtu anapiga piano taratibu, na mbele yangu visu vitatu na uma nne, kwa mtu mmoja mwenye mdomo mmoja. Ukumbi ulikuwa umejaa: watalii wa Australia, familia kadhaa za mjini zilizotoka ibadani, na meza mbili za watu wetu wa visiwani waliokuwa wakisherehekea kipaimara.

Mhudumu wetu aliitwa Laniana, mama wa makamo mwenye ua sikioni, mzaliwa wa milima ya Namosi. Akatusalimia vizuri, akamgeukia Maciu kwanza, maana ndiye mwenyeji.

"Samaki," Maciu akasema. "Mzima, na kichwa chake. Wa tui la nazi."

Alisema hivyo huku akinitazama mimi.

Laniana akashusha kalamu. "Samahani wazazi wangu. Nyie ni watu wa wapi?"

"Vatuseli," nikamjibu.

"Baba wewe ni wa..."

"Nchi kavu."

"Na baba huyu?"

"Bahari," akasema Maciu.

Yule mama akamwinamia Maciu, akashusha sauti kama nesi. "Baba, leo kuna kuku mzuri sana."

"Mwanangu, nimesema samaki."

Sasa hapa lazima nieleze, la sivyo utaona wazee wawili wanagombea kitoweo. Kwetu mtu wa bahari hali samaki mbele ya mtu wa nchi kavu, na mtu wa nchi kavu hali nguruwe mbele ya mtu wa bahari. Ni mwiko. Ukithubutu, mtani wako anapiga ukelele, anakunyang'anya sahani, anakutoza faini yoyote anayoitaka, na kijiji kinakucheka wiki nzima. Lakini ukelele huo haupigiwi mtu yeyote tu. Mtalii akila samaki mbele yangu nampitishia chumvi. Anayepigiwa ukelele ni mtu wako.

Nilikuwa nimejiandaa kwa jino la nyangumi. Kwa samaki sikujiandaa. Jino ningelikataa kwa maneno, na maneno ninayo. Samaki alikuwa ananiuliza jambo moja tu: Apakuki, bado unao ukelele wangu? Nikipiga, karudi nyumbani. Nikinyamaza, kesho ndege, na mambo yamekwisha. Mjanja yule! Tangu utotoni alikuwa mjanja.

Samaki akaja, changu mkubwa, macho yanatazama juu, tui limemzunguka. Harufu yake ilinifika tumboni. Mimi niliagiza chai tu, kwa kiburi. Maciu akachukua uma, akatoa nyama ya shavuni, ile tamu, akaiinua hadi mdomoni, akaisimamisha hapo. Akangoja.

Nikamsogezea chombo. "Chumvi, bwana Maciu?"

Chumvi hakuigusa. Akala.

Akala tonge la pili, akangoja. La tatu, akangoja. Laniana alikuwa amesimama karibu na nguzo, ameshika birika, hammiminii mtu chai. Mimi nikazungumza habari za mvua, za bei ya yangona, kinywaji chetu cha mizizi, za daraja jipya. Kila sentensi nilimalizia na "bwana". Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, lakini mimi nilizidi, nilimnyamazia huku nikizungumza.

Na nilijua ninachomfanyia. Hilo ndilo baya zaidi, nilijua. Miaka thelathini na minane nimeishi na Vasemaca, binti wa bahari, katika nyumba moja, na sikuwahi kula nguruwe mbele yake. Nilikula nje, nyuma ya jiko, nimechuchumaa, na yeye akipita makusudi akisema, "Nasikia harufu ya mwizi." Nikiingia ndani ananinusa kidevu. Naye alikula samaki wake kwa dada zake, akarudi akijifuta mdomo, nikamwambia ana mwiba kwenye jino, akaruka kuutafuta. Kila siku, mpaka tumezeeka. Watoto walisema sisi ni wendawazimu.

Alipokufa, watu wa bahari pale kijijini waliniacha. Walinionea huruma. Krismasi ya kwanza, kwenye ukumbi wa kijiji, nilichukua kipande kikubwa cha nguruwe, nikakaa katikati yao, nikala kwa kelele, nikilamba vidole. Nilikuwa nawaomba watu wale, ninyi mnaonisikiliza. Nilikuwa nawaomba wanipigie ukelele. Wakainamisha macho. Mmoja akanong'ona, "Mwacheni mzee ale, ana majonzi." Tangu siku hiyo nala nguruwe popote, mchana kweupe, na hana ladha yoyote.

Basi nikajua samaki yule ana ladha gani mdomoni mwa Maciu. Nikampitishia na limau.

Alipofika kwenye mfupa wa mgongo akaweka uma chini.

"Apakuki. Huoni ninachokula?"

"Nakiona. Samaki wa hapa wanasifiwa sana."

"Basi uniulize. Niulize kwa nini sikuja."

"Kwa nini hukuja, bwana?"

Akafuta mdomo. "Nilifika uwanja wa ndege. Tiketi ninayo, begi ninalo. Nikakaa kwenye kiti. Tangu nina miaka kumi sijamsemesha Vasemaca ana kwa ana, unajua adabu ya kaka na dada. Maneno yangu yote kwake umeyapeleka wewe. Ya kwake umeniletea wewe. Nikawaza, nikifika nitasimama mbele yake, nitasema nini? Nitamwambia Apakuki amwambie? Na Apakuki atampelekea nani?" Akatikisa kichwa. "Ndege ikaitwa. Wakaliita na jina langu. Nikakaa. Niliogopa, Apakuki. Sina sababu nyingine ya kukupa. Niliogopa."

Mtu mwema angelainika hapo. Mimi nilipanda moto. Woga! Mimi sikuogopa? Nilimvisha mimi, nilimchana nywele mimi, siku nne namfukuzia nzi kwa jani la mgomba nikitazama bahari, halafu mtu mzima ananiambia aliogopa! Mwenye kovu usidhani kapoa. Nikaona kukataa peke yake hakutoshi. Nilitaka nimwoneshe kwamba yeye kwangu si kitu, si shemeji, si mtani, ni mtu tu aliyeketi.

Nikainua mkono. "Mama Laniana! Niletee nguruwe."

Birika likagonga sinia. "Baba..."

"Wa kuoka. Na ngozi yake kavu. Na mafuta usiyapunguze."

Akaenda jikoni akisema kwa sauti tuliyoisikia wote, "Mungu wangu, wazee hawa watanitoa roho."

Maciu alikuwa anatazama mifupa kwenye sahani yake. Mpiga piano akamaliza wimbo, akaanza mwingine, nguruwe akaletwa. Nikakata kipande kinene, ngozi ikalia chini ya kisu. Nikakiinua mdomoni taratibu, nikamkazia macho Maciu, ili ajue.

Kiti kikaanguka.

"Weeeeee!"

Sijui ile sauti aliitoa wapi, na kifua kile chembamba. Ilikuwa sauti ya kijijini, ya pwani kabisa, sauti ya kuita mitumbwi. "Weeeee! Nguruwe! Mbele yangu! Mla mizizi huyu anakula nguruwe mbele ya mtu wa bahari! Njooni mumwone! Hana haya! Hana mama!"

Na kabla sijafumba mdomo kaninyang'anya sahani, kainyanyua juu ya kichwa kwa mikono miwili, mchuzi unamtiririka ndani ya mkono wa koti. Piano ikanyamaza. Mama mmoja wa Kizungu akamwaga chai yake. Nikabaki na uma hewani, kipande bado kimechomwa, Maciu akaona, akanipokonya na uma.

Nilitaka kukasirika, na Mungu ni shahidi. Nilijaribu. Lakini mwili wangu ulinisaliti. Miaka sita hakuna aliyenikataza kitu. Miaka sita nimekuwa mzee wa kuachwa ale. Na mtu huyu, niliyetoka kumfuta kabisa, ambaye sikumpa ukelele hata mmoja kwa samaki mzima na kichwa chake, yeye alikuwa na wa kwangu. Alikuwa nao tayari, aliutunza. Machozi yalinitoka bila kuniomba ruhusa, na nyuma yake ikatoka sauti ambayo nilidhani nimeizika.

"Na wewe! Mla samaki! Umekula samaki mbele yangu, mnuka magamba, mpaka jicho umelinyonya!"

"Nimeshamaliza!"

"Umemaliza mbele yangu!"

"Ulinyamaza! Ulinipitishia chumvi!"

"Na limau! Na ungekabwa na mwiba ningekupitishia maji!"

Meza za watu wa visiwani zikalipuka. Wanapiga makofi, wanapiga vigelegele, bibi mmoja kasimama juu ya kiti anashangilia watu wa bahari. Meneja akaja mbio, kijana nadhifu wa mjini, tai imemkaa upande. "Wazee wangu, kuna tatizo?"

"Hakuna tatizo, bwana," akasema Laniana, akijifuta macho kwa kitambaa cha meza ya watu. "Ni watani."

"Faini!" Maciu akapiga kelele. Sahani bado iko juu, mikono imeanza kumchoka. "Mimi kwanza. Nataka faini yangu."

"Itaje."

"Niite ninavyoitwa."

Nikanong'ona. "Shemeji."

"Sisikii. Masikio yameziba kwa ndege."

"Shemeji! Shemeji, mwizi wewe! Shemeji!"

Akacheka, kisha kicheko kikamfia njiani, maana alikumbuka faini yangu bado. Akaishusha sahani taratibu hadi kifuani. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyesimama mahakamani, na nikaona anavyoogopa, na safari hii hakukimbia.

"Na ya kwako?" akauliza.

"Meli inaondoka Jumanne," nikasema. "Utapanda. Na nyumba mpya hawakujengei. Utakaa kwangu."

"Kwako? Ukoo wangu wana kiwanja..."

"Nimesema kwangu. Nimechoka kula nguruwe hadharani, Maciu. Nataka mtu wa kunifanya nijifiche."

Hakucheka, na mimi sikutaka acheke. Laniana akamwinulia kiti chake. Akaketi, akaifunika ile sahani ya nguruwe kwa kitambaa cheupe, akaisogeza upande wake, mbali na mkono wangu, akaiwekea kiwiko juu yake. Kisha akalia.